Mipini ya Fundi Desderi

Aliyeilaza randa kifudifudi juu ya benchi jana jioni, nimemwona. Simtaji jina. Nilikuwa nimekaa hapo nje juani, mkadhani babu anasinzia, kumbe babu anawatazama. Randa hulazwa ubavu. Ukiilaza kifudifudi, makali yake yanakaa juu ya mchanga, juu ya msumari, juu ya lolote lililoachwa pale, na kesho mbao ikitoka na michirizi unaanza kumlaumu aliyekuuzia mbao.

Nikisema kwa mdomo mnaniitikia "poa, babu" halafu mnarudi kwenye simu zenu. Ndiyo maana nimeandika.

Tena kuna jambo jingine. Juzi mmoja wenu aliingia chumbani kwangu akaona chuma cha tezo, ile ya kuchongea magogo, kimetundikwa ukutani juu ya kitanda, hakina mpini, akasema, "Babu, hiki si tuwapelekee wanaonunua vyuma chakavu?" Nilimfokea kupita kiasi. Mtoto wa watu alitoka akiwa na machozi, na mimi nikabaki naona aibu, maana hakujua. Kutojua kwake ndiko kulikoniuma. Nimeishi maisha marefu nikimlaumu mtu mmoja kwa jambo ambalo hakuna aliyemwambia, halafu na mimi nikawa sijawaambia ninyi. Basi someni, na yule niliyemfokea aanze.

Useremala nilijifunza hapa mjini Sumbawanga wakati wa Mwingereza, katika karakana ya Mzee Salehe. Mzee Salehe alikuwa mfanyabiashara mwenye duka na malori ya kubeba mahindi na ulezi. Malori yalikuja na injini na chasisi tu, sisi ndio tulioyavisha bodi la mbao. Tulitengeneza pia milango, madirisha, vitanda, na majeneza watu walipoyahitaji. Yeye alikuwa Mwislamu, sisi mafundi tulikuwa Wakatoliki, watoto wa wakulima wa vijijini. Ijumaa mchana tulinyamazisha nyundo kwa ajili yake, Jumapili tulifunga kwa ajili yetu, na hakuna aliyeona ajabu.

Fundi mkuu alikuwa Desderi, mtu wa Kasense, kando ya mji. Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kidogo kwa sababu ya kuinamia benchi. Mbao aliisemesha kwa Kifipa, wateja aliwasemesha kwa Kiswahili, na sisi wanafunzi alitusemesha kwa kikohozi. Kikohozi kifupi maana yake ni angalia unachofanya. Kikohozi kirefu maana yake umeshaharibu, weka chini. Mimi nilifika pale nikiwa kijana wa kuoa, si mtoto, lakini kile kikohozi kirefu kilinifanya nijione mdogo kuliko kuku.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa benchi. Fundi Desderi alikuwa na kawaida kwamba mwanafunzi ajitengenezee benchi lake mwenyewe, asirithi la mtu. Nilikuwa na haraka. Nikachukua magogo ya mti wa mtundu yaliyokuwa bado mabichi, yamepasuliwa juzi tu, nikaranda, nikachonga ulimi na tundu, nikaunga. Likapendeza. Nikamwita Mzee Salehe aje aone. Kiangazi kilipoingia, ule upepo mkavu wa kwetu unaopasua midomo ya watu ukaingia na kwenye benchi langu. Likajikunja. Mguu mmoja ukainuka juu kama mguu wa mbwa anayejisaidia. Kila nikipiga randa, benchi linacheza, na karakana nzima inacheka. Desderi hakukohoa hata kidogo. Alinitafutia kijiti akakisukuma chini ya mguu ule, akasema, "Alfonsi, huyu umemwoa mwenyewe. Kaa naye." Nikakaa naye mpaka kiangazi kilichofuata ndipo akaniruhusu kutengeneza jingine.

Basi shikeni hili: mbao ya benchi ikae ikauke hadi muisahau. Na urefu wa benchi hauchukuliwi kwa futi. Simama wima, ning'iniza mkono, mahali kiganja kinapoanzia ndipo uso wa benchi unapofika. Benchi la mtu mrefu litamvunja mgongo mfupi, na la mfupi litamvunja mrefu. Benchi si meza, hatulii chakula juu yake. Wala si kiti. Katika karakana ile hakuna aliyekalia benchi, hata Mzee Salehe mwenye mali. Akija kuzungumza na sisi aliletewa kigoda.

Sasa nije kwenye mipini, maana huko ndiko ninakokwenda.

Vyuma vyote katika karakana vilikuwa vya Mzee Salehe. Patasi, tezo, nyundo, misumeno, keekee, yeye ndiye aliyevinunua. Lakini mti ulikuwa wetu. Kila fundi alichonga mipini yake mwenyewe, ikamkaa mkononi mwake, na mpini ule haukuguswa na mwingine. Ukiazima patasi ya mwenzako uliomba ruhusa kwanza, na ulipoishika ulihisi kabisa kwamba umeingia nyumba ya watu.

Kuchonga mpini ndilo somo Desderi alilolipenda kuliko yote. Alitumia mti wa mpera, tena tawi lililokauka kivulini. Mimi wa kwanza nilichonga ukawa wa mviringo mzuri, laini, nikampelekea. Akautazama, akachukua masizi kwenye kopo la gundi, akanipaka kiganjani. "Shika," akasema. "Sasa chonga mbao ile." Nikachonga. "Achia." Kwenye mpini palikuwa na madoa meusi mahali mkono uliposhika kwa nguvu, na mahali pengine peupe kabisa. "Hapa peusi panakusukuma," akasema, "paondoe. Hapa peupe pana njaa, pakaribishe." Nikakwangua, nikapakwa masizi, nikashika, nikakwangua tena. Siku hiyo mke wangu alidhani nimeacha useremala nimekwenda kuchoma mkaa. Lakini mpini ulipokamilika, giza lingeingia nami ningeujua kwa kuushika tu. Haukuwa wa mviringo tena. Ulikuwa na mabonde na vilima, na ukimpa mtu mwingine unamkataa.

Kutokana na hiyo mipini ikatokea desturi. Sijui nani aliianzisha, nilipofika niliikuta. Fundi akiacha kazi, aling'oa mipini yake akaondoka nayo, akaacha vyuma vimepakwa mafuta ya nyonyo, vimepangwa mezani. Akienda kulima, au kuuguza mtu, au kuzika, aliacha mipini ndani ya vyuma. Mipini ikiwa imebaki, basi mwenyewe atarudi, na nafasi yake haijazwi. Hakuna aliyeuliza "utarudi lini." Ulitazama ukutani tu.

Na mwenye karakana naye, akiwa hamtaki fundi tena, hakumwita wala kumgombeza. Aling'oa mipini ya yule mtu, akaifunga kwenye kitambaa safi, akaiweka juu ya benchi lake. Nilishuhudia kwa fundi mmoja aliyezidi pombe ya ulezi, akawa anafika kazini saa ambayo wengine wanafikiria chakula. Asubuhi moja akakuta kitambaa. Hakupiga kelele. Alikifungua, akaitazama mipini yake, akaifunga tena, akatupa mkono sote mmoja mmoja, akaenda zake. Tulikuwa tukikutana naye sokoni tunasalimiana vizuri, hakuna kinyongo. Ilikuwa desturi ya watu wenye haya, watu ambao hawapendi kumwambia mwenzao neno baya usoni. Niliipenda sana. Siku hizi ninaipenda na ninaichukia.

Ikafika wakati Desderi akapata shida ya nyumbani. Mdogo wake alikuwa amekwenda migodini Rhodesia, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwetu, na kwa muda mrefu hakukuwa na habari zake. Mama yao alikuwa mjane, na huyo mdogo ndiye kitinda mimba. Yule mama alikuwa akija mpaka mlangoni pa karakana, anakaa chini. Anamtazama Desderi anaranda. Mwisho Desderi akaweka randa ubavu, akamwambia Mzee Salehe, "Nakwenda kumtafuta mtoto wa mama."

Mzee Salehe akamwombea safari njema. Desderi akapaka vyuma vyake mafuta, kimoja kimoja, akavitundika kwenye misumari yake ukutani. Mipini akaiacha. Mimi nilimsindikiza mpaka barabara ya kusini. Njiani hatukuzungumza lolote kuhusu kazi, kwa sababu ukuta ulikuwa umeshasema.

Masika yakaja, yakapita, yakaja tena. Vyombo vyake vilikaa pale. Mimi ndiye niliyevifuta vumbi na kuvipaka nyonyo. Mjue kwamba chuma kisichotumika kinakula kutu haraka kuliko kinachotumika, na ukungu wa asubuhi wa huku kwetu Ufipa hauna huruma. Watu walikuja kuomba kazi, mafundi wazuri, Mzee Salehe akawa anawaonyesha ukuta na kuwaambia, "Nafasi ina mwenyewe."

Halafu akaja Hamisi.

Hamisi alikuwa mpwa wa Mzee Salehe, alijifunza ufundi Tabora. Mzee alikuwa ameanza kuchoka, akamwita aje asimamie karakana. Nataka mnielewe vizuri hapa, maana ni rahisi kumfanya Hamisi mtu mbaya, na mimi mwenyewe nilimfanya hivyo miaka mingi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchangamfu, mwenye nguvu, anaamka kabla yetu sote. Yeye ndiye aliyetufundisha kuchora umbo la kila chombo ukutani kwa chokaa, ili kikikosekana ukione kivuli chake kinakudai. Yeye ndiye aliyetuletea makopo ya sigara ya kutenganishia misumari kwa ukubwa. Kabla yake tulikuwa tunachakura kwenye sanduku moja kama kuku jalalani. Alikataza maranda ya mbao kulala ndani, yafagiliwe kila jioni, kwa sababu moto haubishi hodi. Utaratibu wote mnaouona katika karakana hii, mkausifu, ni wa Hamisi. Desderi alinifundisha kazi, Hamisi alinifundisha kuitunza.

Tena alimheshimu Desderi kabla hajamwona. Aliziona kazi zake. Siku moja alisimama mbele ya mlango wa duka la mjomba wake, akapitisha kidole kwenye kiungo, akaniuliza, "Alfonsi, huyu mtu aliunganisha hapa au mti uliota hivi?" Nikamwambia, "Akirudi mwulize mwenyewe." Akasema, "Akirudi nitamkaribisha kama inavyostahili." Nikafurahi kusikia vile. Sikujua anawaza nini, na yeye hakujua sisi tunajua nini.

Kiangazi kile Mzee Salehe akapata kazi ya kujenga ghala bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Mafundi wote tukashuka, tukawa tunalala hukohuko. Nilibeba vyombo vyangu, na juu yake nikabeba tezo ya Desderi, kwa kuwa yangu ilikuwa imepasuka mpini na nguzo za ghala zilihitaji kuchongwa. Niliuomba radhi ule mpini kwa sauti, wenzangu wakanicheka. Karakanani akabaki Hamisi, pamoja na mzee aliyefagia uani.

Hamisi peke yake, hana kazi nyingi, ana mashine ya kukerezea ya kukanyaga kwa mguu aliyokuja nayo kutoka Tabora. Huko alikotoka, vyombo vyote vilikuwa na mipini ya aina moja, fundi yeyote anachukua chochote. Akaitazama mipini ya Desderi, imejaa mabonde, imekuwa myeusi kwa jasho, mmoja umepinda. Akaona ni uchakavu. Akaona aibu kwa niaba ya karakana, kwamba fundi mkuu anarudi kutoka safari ngumu anakuta vyombo kama hivi. Akatafuta mninga mzuri, akakereza mipini mipya, yote sawasawa, akaipiga rangi nyekundu na kuing'arisha. Aling'oa ya zamani, akatia mipya. Ile ya zamani akaitupa pale tunapochemshia gundi.

Na Desderi akarudi siku hizohizo.

Haya ninayowaeleza nimesimuliwa na Hamisi mwenyewe. Sisi tulipanda kutoka bondeni kesho yake mchana, tumechoka, tumejaa vumbi la barabara, tukamkuta amesimama mlangoni anacheka.

"Fundi wenu amekuja!" akasema. "Jana. Amekonda, lakini mzima. Kesho kutwa nadhani ataanza kazi."

Tulipiga vigelegele kama wanawake. Nikamwuliza, "Mdogo wake amempata?"

"Amempata. Amerudi naye."

"Na karakana ameionaje?"

"Aliipenda. Alizunguka kote, akatazama makopo ya misumari, akatazama michoro ukutani. Halafu nikamwonyesha zawadi yake." Hamisi akanyoosha mkono. "Tazameni na ninyi."

Tukatazama. Mipini myekundu ilikuwa imepangwa ukutani, inang'aa, na mahali pa tezo palikuwa na mchoro mtupu.

"Alisema nini?" nikamwuliza.

"Si msemaji. Alishika patasi moja, akaigeuzageuza, akairudisha mahali pake. Akaniuliza mipini ya zamani iko wapi. Nikamwambia, usiwe na wasiwasi, Fundi, ile ilikuwa imekwisha, tumechemshia gundi. Akasema asante. Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akanipa mkono akaenda. Alfonsi, mbona unanitazama hivyo?"

Jamani. Mtu alikwenda mpaka Rhodesia akarudi, akiwa na uhakika wa kitu kimoja tu, kwamba ukutani ana mahali pake. Akakuta vyuma vina mipini ya mtu mwingine. Na yake haikufungwa hata kwenye kitambaa, kama alivyofungiwa yule mlevi. Ilitiwa motoni. Halafu anayemweleza hayo anatabasamu. Desderi, kwa haya yake yote, hakuuliza zaidi, kwa sababu katika desturi yetu hapakuwa na cha kuuliza. Aliambiwa waziwazi kuliko mtu yeyote aliyewahi kuambiwa katika karakana ile.

Sikukaa. Nilichukua tezo, ambayo mpini wake ulikuwa bado mzima, nikaiweka begani nikakimbia Kasense. Nilikuwa nikijisemea njia nzima, nikimwonyesha huu mmoja ataelewa. Nilimkuta mama yake anapepeta ulezi, na yule mwanawe mdogo amekaa karibu naye.

"Shikamoo, bibi. Fundi yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ameondoka asubuhi na mkewe." Hakuacha kupepeta. "Amesema kwenu kuna mtu mwingine. Mimi nimemwambia akawaulize. Akasema, 'Mama, mtu haulizi mara mbili.'"

"Hakuna mtu mwingine, bibi! Ni kosa!"

Ndipo akaweka ungo chini. Aliutazama mpini ule, akanyoosha mkono akaushika. Akasema polepole, "Alinirudishia mmoja, nimempoteza mmoja."

Nilikwenda mpaka barabarani. Waliokuwa wakiuza viazi wakaniambia Desderi na mkewe walipanda lori la mahindi lililoelekea kusini, mpakani. Lilikuwa moja ya malori ya Mzee Salehe. Bodi lake Desderi aliliunda kwa mikono yake mwenyewe, na mimi ndiye niliyemshikia mbao. Nilisimama pale na tezo begani, nikalia barabarani, mwanamume mzima.

Jioni ile Hamisi aliambiwa maana ya mambo. Mzee Salehe ndiye aliyemwambia, kwa upole. Hamisi alirudia swali moja tu: "Lakini mbona hakuna aliyenieleza?" Jibu lilikuwa kwamba sote tulikuwa tunalijua jambo hilo. Jambo ambalo kila mtu analijua, nani atakumbuka kulisema? Tulimwonyesha Hamisi mahali pa kuhifadhi gundi, tukamwonyesha mbao zilizokauka na mbichi, tukamwonyesha hata kijiti cha chini ya benchi langu. Mipini hatukumwonyesha. Ilikuwa mbele ya macho yake kila siku.

Habari zikaja baadaye kwamba Desderi ameonekana ng'ambo ya mpaka, anafanya kazi kwa seremala mmoja huko. Mzee Salehe akataka kumtumia ujumbe. Tukashauriana, tukaona maneno ya kupelekewa mtu hubadilika njiani, afadhali tutume kitu atakachokielewa. Nikaipaka tezo mafuta, mpini wake ndani ya chuma chake. Maana yake ilikuwa moja tu: bado wewe ni wa hapa. Hamisi aliifunga mwenyewe kwa kitambaa cheupe, akaifungua, akasema kitambaa kitamfanya afikirie vingine, akaifunga kwa gunia. Tukampa dereva Mrisho, aliyekuwa na safari ya huko.

Tulingoja. Hamisi kila akisikia lori linaingia uani alikuwa akitoka nje na patasi mkononi. Aliing'oa ile mipini myekundu yote, vyuma vikabaki uchi ukutani, akasema Desderi akija atajichongea mwenyewe na yeye atampaka masizi kiganjani.

Mrisho akarudi, akanipa lile gunia. Nilijua kabla sijalifungua, kwa uzito wake na kwa urefu wake. Ndani kulikuwa na chuma peke yake. Kimenolewa vizuri mno, kimepakwa mafuta. Mpini haukuwamo.

"Amesemaje?" Mzee Salehe akamwuliza.

Mrisho akavua kofia. "Aliupakata mpini muda mrefu, mzee. Akacheka kidogo. Nikamweleza yote, kwamba kijana hakujua, kwamba alitaka kumfurahisha. Akasema ameelewa, hana kinyongo na mtu, na mwambieni huyo kijana ile mipini aliikereza vizuri. Lakini akasema huko aliko ameshachonga mipini mingine, iko ndani ya vyuma vya watu. Akasema hawezi kuwa na mipini kwenye karakana mbili."

Hapo ndipo Hamisi alipokwenda kwenye benchi la Desderi, akapanda, akakaa juu yake, uso mikononi. Sisi sote tulikuwa pale. Hakuna aliyemwambia ashuke.

Desderi hakurudi tena. Mama yake tulimzika Kasense, jeneza nililitengeneza mimi kwenye benchi la mwanawe. Nilikuwa nikisema nitakwenda ng'ambo nikamwone, kiangazi hiki, kiangazi kijacho. Niliposikia amefariki, alikuwa ameshazikwa siku nyingi. Kwa hiyo simkumbuki akiwa mzee. Namkumbuka na masizi ya gundi vidoleni, anasema hapa pana njaa, pakaribishe.

Hamisi tulizeeka naye. Alipostaafu alinipa kile chuma cha tezo, maana vyuma vya mjomba wake vilikuwa vimekuwa vyake. Tangu siku ile, kila mwanafunzi mpya aliyeingia, Hamisi alimshika mkono kabla hajavua koti, akampeleka ukutani akamweleza habari ya mipini, tena kwa kirefu, hata wateja wakawa wanangoja. Tulimtania kwamba anahubiri. Alikuwa akijibu, "Wacha nihubiri."

Ninyi mipini yenu ni ya plastiki, hununuliwa pamoja na chuma, na mtu akiachishwa kazi hupigiwa simu. Labda ni afadhali, sijui. Angalau simu inasema. Ila nawaomba, akija mgeni katika karakana hii, msimwonyeshe tu swichi ya mashine na mahali pa chai. Kaeni mfikiri kuna nini hapa ambacho sote tunakijua, halafu mwambieni hicho kwanza.

Mimi nikifa, ng'oeni mipini yangu mnizike nayo. Patasi gawaneni, na randa mpeni yule aliyeilaza kifudifudi, labda atajifunza. Kile chuma cha tezo kishusheni mara mojamoja mkipake nyonyo, mkirudishe ukutani. Msikitie mpini. Kina mwenyewe.